Vita ikiisha mzigo wa jeshi unaenda wapi? Majeep, madeni, Fulbright na matrekta ya Kongwa

Bohari Kuu (mleta mada)

Wakuu heshima kwenu.

Kwenye ule uzi wa skolashipu kuna mdau aliuliza pesa ya Fulbright, ile skolashipu ya serikali ya Marekani, ilianzia wapi, akajibiwa "kodi za Wamarekani", watu wakapita. Kwa sasa ni sawa, ila mwanzo wake ulikuwa mwingine kabisa. Ilianza na malori, jeep, matairi, mablanketi na maturubai yaliyobaki kwenye mabohari ya jeshi la Marekani nje ya nchi baada ya vita ya pili. Nikaona bora nifungue uzi, maana habari ya serikali kuuza masalia ya jeshi ili zimalizane madeni ina vituko, na kimoja kilitua hapa hapa Tanganyika. Nitashusha kwa mafungu, natumia simu.

Tuanze 1945. Japani imesalimu amri Agosti, jeshi la Marekani limetapakaa dunia nzima, Ulaya, India, Uchina, Ufilipino, visiwa vya Pasifiki ambavyo wengine humu hata kwenye ramani hatuvioni. Kila mahali kuna mamilioni ya tani za vitu. Askari wanataka kurudi kwao, mama zao na wake zao wanawaandikia wabunge barua kila siku. Mzigo nao nani atabaki kuulinda?

Upande wa pili karibu kila serikali iliyokuwa upande wao inadaiwa. Tangu Machi 1941 Marekani ilikuwa inatoa vifaa kwa mpango wa Lend-Lease, jumla kama dola bilioni 50 hivi, na zaidi ya nusu ilienda Uingereza. Mpango wenyewe ulikuwa "chukua upigane, hesabu tutafanya baadaye". Sasa baadaye ikafika, tena ghafla, rais wao Truman alifunga bomba mwezi huo huo wa Agosti.

Kwa hiyo una mtu mwenye mali nyingi asiyoweza kubeba, na jirani anayehitaji hiyo mali ila hana dola hata ya dawa. Hapo ndo biashara ilipoanzia.

Mpiga Debe wa Zamani

Nachukua siti ya mbele. Tiririka mkuu.

Kokoto Nyeusi

Swali la haraka kabla hujaenda mbali. Si wangepakia tu kwenye meli warudishe kwao? Nchi tajiri ile, meli walikuwa nazo kibao.

Bohari Kuu

@Kokoto Nyeusi swali zuri na ndo ufunguo wa mambo yote.

Kwanza meli zilikuwa zinabeba watu. Pili, na hii ndo kubwa, viwanda vya kwao havikutaka ule mzigo urudi. Fikiria wewe ni kiwanda cha malori, unataka kurudi kuuzia raia baada ya miaka minne ya kutengenezea jeshi tu, halafu serikali ishushe bandarini malori laki kadhaa ya bei ya kutupa. Unafunga kiwanda. Wakulima, wauza viatu, wauza matairi, wote walikuwa na wabunge wao na wote walipiga kelele. Tatu ni gharama za kukaa: ghala linataka mlinzi, mlinzi anataka mshahara, kambi na mpishi, na kila mwezi matairi yanapasuka kwa jua, betri zinakufa, wezi wanapunguza.

Sasa mnunuzi anayajua yote hayo. Anajua huwezi kubeba, anajua una haraka, na mzigo umeegeshwa kwenye ardhi yake. Akitaka anakukumbushia na ushuru wa forodha. Utauza kwa bei gani hapo?

Hii mbona waliionja mapema, baada ya vita ya kwanza. Mwaka 1919 jeshi la Marekani chini ya jenerali Pershing limeacha Ufaransa mabohari, karakana, mpaka injini za treni. Gharama ya kuvinunua ilikuwa zaidi ya dola bilioni moja. Ikaundwa tume ya kuuza, mwenyekiti mwanasheria Edwin Parker, na Agosti mwaka huo wakawauzia Wafaransa mzigo wote kwa mkupuo kwa dola milioni 400. Tena si keshi, ni hati za deni za miaka kumi, riba asilimia 5. Yaani umeuza mali ukabaki unadai.

Wabunge wa Washington walikuja juu. Mwaka 1921 wakamwita Charles Dawes, aliyesimamia manunuzi ya jeshi lile kule Ufaransa na kukaa kwenye tume hiyo, wakaanza kumhoji bei moja moja. Mzee akawaka, akafoka matusi mbele ya kamati kwamba kule hawakwenda kuandika vitabu vya hesabu, walikwenda kushinda vita. Magazeti yakampenda, miaka michache mbele akawa makamu wa rais. Hizo milioni 400 wekeni pembeni, nitazirudia mwishoni, zina mkasa wake.

Chuma Chakavu

Mimi hii biashara ya minada ndo inanilisha, naomba niongeze kitu kimoja watu wasiojua mnada hawakioni. Serikali ikiuza masalia haikuuzii unachotaka, inakuuzia lundo. Unataka jenereta mbili nzima, ndani ya lundo kuna mapipa matupu, viti vilivyovunjika na waya wa kilo mia, yote ni yako na una siku kadhaa za kuondoa, ukichelewa wanakuchaji uwanja. Kwa hiyo bei unayotaja mnadani si bei ya ile jenereta, ushapiga hesabu ya lori, vibarua, na takataka utakazoenda kumwaga kwa gharama yako. Ndo maana nikisikia mtu anasema "kitu cha bilioni kimeuzwa milioni 400, wamepigwa" huwa nauliza, hiyo bilioni ni bei ya dukani siku kinanunuliwa au ni bei ya leo kimelala kwenye nyasi? Hizo ni bei mbili tofauti kabisa.

Na mnunuzi mmoja akichukua uwanja mzima ndo muuzaji anafurahi zaidi, maana anafunga geti anaenda nyumbani.

Bohari Kuu

@Chuma Chakavu umenitolea maneno mdomoni. Hiyo ya kufunga geti ndo Marekani walifanya tena na tena. Na mfano mkubwa ni Uchina, Agosti 1946.

Wakati wa vita serikali ya Chiang Kai-shek ilikuwa inailipia Marekani gharama za jeshi lake likiwa Uchina, kujenga viwanja vya ndege na kadhalika, kwa pesa ya Kichina. Kwa hiyo safari hii Marekani ndo ilikuwa inadaiwa. Na kwenye visiwa vya Pasifiki kuna mzigo ulionunuliwa kwa kama dola milioni 900. Wakakubaliana: Uchina ichukue mzigo kwa dola milioni 175, na sehemu kubwa ya bei hiyo ilipwe kwa kufuta deni ambalo Marekani inadaiwa. Yaani deni la viwanja vya ndege likalipwa kwa malori, mabuldoza na vifaa vya ujenzi vilivyokaa visiwani. Wakomunisti waliokuwa wanapigana na Chiang walilalamika sana, Zhou Enlai wa upande wao akasema mnampa Chiang nguvu ya kutupiga, Wamarekani wakajibu silaha za kupigania hazimo humo. Mtu mwenye lori la kubeba askari anajua hilo jibu lina uzito gani.

Kibendera

Hahaha "silaha hazimo", lori la jeshi ni nusu ya silaha yenyewe.

Mpiga Debe wa Zamani

Fulbright iko wapi sasa? Mi ndo nimeifuata.

Bohari Kuu

Nafika. Nchi nyingi hazikuwa na dola, si mnakumbuka Ulaya yote ilikuwa inatafuta dola. Kwa hiyo zikaambiwa sawa, chukua mzigo, lipa kwa pesa yako. Faranga, lira, rupia. Shida inakuja, Marekani itafanya nini na lira? Kubadilisha kuwa dola haiwezekani, ukizimwaga sokoni unaua uchumi wa yule yule mshirika wako. Zinabaki zinatumika nchini humo tu. Ni deni ambalo ukilipwa huwezi kuondoka nalo.

Sasa seneta mmoja kijana wa Arkansas, J. William Fulbright, ndo kwanza kaingia Seneti Januari 1945. Yeye mwenyewe alisoma Oxford kwa skolashipu ya Rhodes. Septemba 1945 akapeleka muswada mfupi sana wa kurekebisha sheria ya 1944 ya mali za ziada, unaosema sehemu ya hizo pesa za kigeni zitumike kulipia Wamarekani wasome na kufundisha nje, na wageni walipiwe nauli waje Marekani. Hakupiga kelele. Wenzake walikuwa wanaona ni kasheria ka kuuza masalia, kasomwa, kapita bila mjadala. Truman akasaini tarehe 1 Agosti 1946. Iliwekwa kikomo, isizidi dola milioni 20 kwa nchi moja wala milioni moja kwa mwaka.

Nchi ya kwanza kusaini mkataba ilikuwa Uchina, Novemba 1947, kwa pesa ya ule ule mzigo wa visiwani. Burma ikafuata Desemba. Ya Uchina haikufika mbali, 1949 Mao kaingia Beijing ukafungwa.

Akili ya yule seneta mimi huwa inanishangaza. Angesimama aombe bunge limpe milioni kadhaa za walipa kodi wa Arkansas wasomeshe Waitaliano, wangemfukuza ukumbini. Yeye akaenda kuchukua pesa ambayo kila mtu alikuwa kashaihesabu kuwa imepotea.

Na si shule tu. Sheria nyingine ya 1946 iliruhusu hizo hizo pesa zisizosafiri zinunue viwanja na majumba ya balozi za Marekani nje. Kwa hiyo kuna majumba ya kifahari kwenye miji mikuu ya Ulaya yamenunuliwa kwa malori yaliyotumika.

Dada wa Mikindani

Kwa hiyo wale wa kwetu waliokwenda Fulbright walikula pesa ya majeep?

Bohari Kuu

Hapana dada, wakati inafika kwetu pesa ya masalia ilishaisha, ilikuwa ni bajeti ya kawaida ya serikali yao. Sheria mpya, Fulbright-Hays, ilipita Septemba 1961, sisi tukapata uhuru Desemba. Yetu ni ya enzi hiyo.

Ubao wa Matokeo

Mada nzuri lakini naona unawapamba sana hawa mabeberu. Hii yote ni ujanja. Wanakuuzia vitu vilivyotumika, unalipa kwa pesa yako ndani ya nchi yako, halafu kwa hizo hizo pesa wananunua jumba kubwa kuliko ikulu yako na kuchagua nani asome. Umelipia mwenyewe kutawaliwa akili. Fulbright ni msaada? Ni mnyororo.

Bohari Kuu

@Ubao wa Matokeo sikupingi yote. Angalia Ufaransa, Mei 1946, mzee Léon Blum, waziri mkuu wao wa zamani, anakwenda Washington na kofia mkononi. Wakamfutia deni kubwa la Lend-Lease, lililobaki pamoja na bei ya masalia yaliyoko Ufaransa, dola milioni 300, likafungwa kwenye jumla ya dola milioni 720 za kulipa polepole. Na katika mazungumzo hayo hayo Wafaransa wakafungua milango ya sinema zao kwa filamu za Hollywood. Watu wa filamu wa Paris waliandamana. Kwa hiyo ndiyo, muuzaji asiyelipwa keshi anatafuta malipo mengine.

Ila nachosema mimi ni kwamba mwenye mzigo hakuwa na nguvu kama unavyodhani. Angekuwa na nguvu angelipwa dola. Alichukua shule na majumba kwa sababu cha kuchukua kingine hakikuwepo.

Ubao wa Matokeo

Hapo kwenye filamu umejifunga mwenyewe lakini. Sawa, endelea.

Bohari Kuu

Uingereza sasa, maana hii ndo inakuja mpaka mlangoni kwetu.

Mchumi wao Keynes alienda Washington Septemba 1945 akiamini atapewa msaada wa bure, au angalau mkopo usio na riba, kwa vile Uingereza ilipigana peke yake mwanzoni. Wapi. Desemba 6 wakasaini mkopo wa dola bilioni 3.75 kwa riba asilimia 2, na juu yake dola milioni 650 za kumaliza Lend-Lease. Humo ndani milioni 118 ni masalia ya jeshi la Marekani yaliyokuwa Uingereza, nyingine ni mzigo uliokuwa njiani au umeshafika wakati bomba linafungwa. Kulipa kwa mafungu 50 ya kila mwaka kuanzia mwisho wa 1951.

Walilipa mpaka lini? Tarehe 29 Desemba 2006. Enzi za Tony Blair, watu wana simu za kamera mfukoni, serikali inamalizia bei ya matairi ya 1945. Tena kuna miaka sita waliruka wakasema hatuna, mkataba uliruhusu.

Lakini Uingereza nayo ilikuwa inadaiwa na watu wanyonge. India ililisha na kuvisha majeshi, Misri hivyo hivyo, na London ilikuwa inaandika tu kwenye daftari kwamba tutawalipa kwa pauni. Vita inaisha India peke yake inadai zaidi ya pauni bilioni moja. Julai 1948, India imeshakuwa huru, wakakaa mezani. Mojawapo ya mambo waliyokubaliana ni kwamba India ichukue mabohari na majengo ya kijeshi ambayo Uingereza imeyaacha kule, yaliyoandikwa vitabuni pauni milioni 375, kwa bei ya pauni milioni 100, na hiyo 100 ikatwe kwenye lile deni.

Chuma Chakavu

Ngoja ngoja. Vile viatu na hema kuna vilivyotengenezwa India si ndiyo?

Bohari Kuu

Vingi tu, Kanpur kulikuwa na viwanda vya ngozi vinafanya kazi usiku na mchana kwa ajili ya jeshi.

Chuma Chakavu

Kwa hiyo fundi wa Kanpur kashona buti, London ikaandika nitalipa, vita ikaisha, London ikamlipa kwa buti. Asee hii biashara mimi bado nasoma chekechea.

Kibendera

😂😂😂

Mwana wa Voi

Habari zenu kutoka huku Kenya. Bohari Kuu umegusa Misri ukanikumbusha Mackinnon Road, ile ya njia ya Mombasa, watu wengi wanajua tu msikiti pale wanaposimama kuomba safari njema. Baada ya vita Waingereza walikuwa na mabohari makubwa sana Misri na Wamisri wanawaambia tokeni, so wakaamua mzigo uhamishiwe Kenya. Kuanzia 1947 wakaanza kujenga maghala na barabara Mackinnon Road kwa pesa nyingi, katikati ya nyika, maji hakuna. Miaka michache mbele wakaachana nayo. Yale majengo unajua yaliishia kufanya kazi gani? 1954 yakawa kambi ya kuwafungia watu wakati wa Mau Mau. So si kila mzigo uliuzwa, mwingine walitafuta mahali pa kuuficha na hata hapo wakashindwa.

Bohari Kuu

@Mwana wa Voi shukran sana, hiyo ni nyama ya uzi. Na miaka ile ile, upande wetu wa mpaka, ndo mradi wa karanga wa Kongwa unaanza.

Muunganiko ni huu. Uingereza haina dola, ina deni la Washington, raia wanakula mafuta ya kupikia na majarini kwa kadi ya mgao. Kununua mafuta Marekani ni kutumia dola ambazo hazipo. Frank Samuel wa kampuni ya United Africa akapata wazo: tulime karanga Afrika Mashariki, kwenye ardhi ya kwetu, tutoe mafuta bila dola hata moja. Ujumbe wa kukagua ardhi, wa Wakefield, ukazunguka 1946, ukarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi Tanganyika. Waziri wa Chakula wa Uingereza, John Strachey, akabeba bendera.

Tatizo likawa trekta. Matrekta mapya yalikuwa Marekani, yanataka dola, na foleni yake ni miaka. Kwa hiyo wakaenda kununua wapi? Kwenye masalia ya jeshi. Walichukua makatapila ya jeshi la Marekani yaliyobaki Ufilipino, yakapakiwa meli mpaka Dar es Salaam, bandari ndogo ya wakati huo, halafu reli, halafu Kongwa.

Mkulima wa Mlali

Hapa nimefika nyumbani. Nimekulia huko, ngoja niwasimulie hali ya kule ilivyo maana kwenye vitabu wanaandika "kichaka" ukadhani ni majani. Ule msitu wa Kongwa unaitwa msitu kweli, miti ya miba imeshikana, chini mizizi imesokotana, katikati unakuta mbuyu ambao katapila linausukuma hausogei. Wazungu wakaishia kufunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya mabuldoza mawili, yanatembea sambamba, mnyororo unalaza miti. Ilifanya kazi, ila mizizi inabaki chini, plau ikipita inapinda.

Halafu udongo. Mvua ikinyesha ni mfinyanzi, ikikata unakuwa mgumu kama saruji na karanga ziko ndani yake, unavuta shina unabaki na majani mkononi. Wagogo hawakuwa wajinga kufuga ng'ombe pale badala ya kulima kwa mashine, mvua ya kule haina adabu.

Bohari Kuu

Safi sana @Mkulima wa Mlali. Ongezea na mashine zenyewe. Yale makatapila yalishafanya kazi ya jeshi na kukaa kwenye hewa ya pwani ya Ufilipino, yakafika mengine hayafai kabisa. Spea hakuna, kwa sababu ukinunua masalia unanunua mashine, hununui duka la spea. Kila moja ina historia yake na ugonjwa wake. Mafundi wachache, madereva wanajifunzia kazini. Kufika katikati ya 1947 theluthi mbili ya matrekta yalikuwa yamelala gereji.

Halafu kuna Shervick. Kiwanda cha Vickers Uingereza kilichukua vifaru vya Sherman, kikavua mzinga na silaha, kikavigeuza trekta. Vikaletwa Kongwa. Hebu jaribu kuona mzee wa Kigogo anachunga ng'ombe, anakutana na kifaru kisicho na mzinga kinalima.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, zilizopandwa ni kama 7,500. Januari 1951 serikali ya Uingereza ya waziri mkuu Attlee ikafunga, pauni milioni 36 zimekwenda. Kuna hesabu zinasema karanga zilizovunwa hazikufika mbegu walizonunua. Tulichobakiwa nacho ni bandari ya Mtwara, reli ya kwenda Nachingwea ambayo nayo iling'olewa baada ya uhuru, na majengo.

Mkulima wa Mlali

Na skrepa. Usisahau skrepa. Vyuma vya yale madude vimetengeneza majembe na vyungu miaka na miaka.

Kokoto Nyeusi

Kwa hiyo kosa lilikuwa kununua mtumba?

Chuma Chakavu

Kosa si mtumba bwana, mtumba unajenga nchi. Kosa ni kununua mtumba bila fundi na bila kuukagua uwanjani. Mimi siwezi kununua hata pikipiki ya mnada bila kuipiga teke nisikie mlio.

Bohari Kuu

Ndo hicho. Ufilipino wenyewe majeep hayo hayo ya jeshi yalibaki kwao wakayarefusha, wakaweka benchi mbili na paa, wakapata jeepney, daladala za Manila mpaka leo. Mashine ile ile ya masalia, ila kule mafundi walikuwepo mtaani, kazi ilikuwa ya barabarani si ya kung'oa mibuyu, na aliyenunua ndiye aliyeendesha. Kwetu mnunuzi alikuwa London.

Dada wa Mikindani

Na je yupo aliyekataa kununua?

Bohari Kuu

Yupo, na hiki ndo kituko nilichokuwa nakiweka akiba. Kisiwa cha Espiritu Santo, siku hizi ni Vanuatu kule Pasifiki, enzi hizo kinatawaliwa na Waingereza na Wafaransa kwa pamoja. Marekani walikuwa na kambi kubwa sana pale. Vita imeisha, wakawaambia watawala nunueni, bei ya kutupa. Wale wakapiga hesabu kama ya Chuma Chakavu: hawawezi kubeba, tukikaa kimya watatuachia bure.

Wamarekani wakajenga njia ya kushukia baharini karibu na Luganville. Wakaleta malori, mabuldoza, kreni, jeep, wakayaelekeza majini moja baada ya jingine, mwisho hata mabuldoza yaliyokuwa yanasukuma wenzake. Wenyeji na walowezi wamesimama wanaangalia. Leo wazamiaji wanalipa kwenda kuyaona, panaitwa Million Dollar Point.

Kibendera

Hapo ni hasira tupu 😂 kama hununui simpi mtu

Ubao wa Matokeo

Siyo hasira ni biashara, wangeachia bure kisiwa kimoja, kila nchi nyingine ingesubiri bure. Hata mimi ningezamisha.

Bohari Kuu

@Ubao wa Matokeo leo tumekubaliana, wekeni tarehe.

Mpiga Debe wa Zamani

Mkuu umeahidi zile milioni 400 za Ufaransa za 1919. Usitukimbie.

Bohari Kuu

Sikimbii. Zile hati za miaka kumi zilikuwa zinaiva tarehe 1 Agosti 1929. Katikati hapo, 1926, Mellon wa hazina ya Marekani na Bérenger wa Ufaransa walisaini mkataba wa kukusanya madeni yote ya vita, dola bilioni 4 na ushee, yalipwe kwa miaka 62, na bei ya ule mzigo ikamezwa humo. Ila bunge la Ufaransa likagoma kuuridhia, wananchi wanasema damu yetu imemwagika nyie mnataka hela. Ikapita 1926, 27, 28.

Mtego ukawa hapo. Wasiporidhia mkataba kabla ya Agosti 1929, zile milioni 400 za malori na mabohari zinadaiwa zote kwa mkupuo, keshi, kwa dola. Wakiridhia zinaingia kwenye mafungu ya miaka 62. Waziri mkuu Poincaré alisimama bungeni Julai siku baada ya siku kuwaeleza hilo mpaka afya ikamshinda. Kura zikapigwa, 300 kwa 292. Mwisho wa mwezi akajiuzulu kwa ugonjwa.

Halafu mdororo wa uchumi ukaja. Desemba 1932 kuna fungu la karibu dola milioni 19 linatakiwa, waziri mkuu Herriot akaliomba bunge lilipe, bunge likakataa na kumwangusha hapo hapo. Ufaransa haikulipa.

Chuma Chakavu

Yaani malori ya 1919 yameangusha serikali 1932.

Bohari Kuu

Usiyabebeshe malori kila kitu, mzigo ulikuwa milioni 400 ndani ya bilioni 4, zilizobaki ni mikopo ya fedha. Ila bila ile tarehe ya Agosti 1929 sidhani kama zile kura 300 zingepatikana.